Sifuri ya Kabasha

Nilifika Beni nimechelewa. Papa Rajabu alikuwa amezikwa jana yake kabla ya jua kutua, kama desturi ya Waislamu inavyotaka, na wakati huo mimi nilikuwa bado Butembo natafuta gari lenye nafasi. Nyumbani kwake, katika komini ya Beu, nilikuta mikeka imetandikwa uani, wanaume wanasoma dua, na wanawake nyuma ya nyumba wamezunguka sufuria tatu kubwa za wali na sombe, yale majani ya muhogo. Binti yake Zaina alinishika mkono, akaniketisha karibu na moto, akaniwekea sahani magotini. "Ya Kavira, kula kwanza," akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani. "Kulia kuko, hakuna fasi kunaenda." Nikala. Sombe ilikuwa na samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, ndani yake, imepikwa vile vile alivyokuwa akipika mama yake, na kwa kijiko cha pili machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Sikuona aibu. Mtu aliyenilisha mwaka mzima alikuwa amekufa.

Zaina ana binti anayeitwa Shukuru, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye miwani na kazi ya ofisi. Alikuja kukaa pembeni yangu na simu yake kubwa. Kazi yake, alinieleza, ni kuangalia mashine ndogo zilizofungwa juu ya nguzo kutoka Mutwanga, chini ya Ruwenzori, hadi Lubero. Moja inapima mvua, nyingine joto, nyingine urefu wa mto, nyingine unyevu wa udongo, na zote zinatuma namba zenyewe kila saa, hakuna mtu anayezigusa. Alinionyesha mistari ya rangi ikipanda na kushuka. Halafu akaniwekea kidole penye mstari mmoja uliolala chini kabisa. "Tantine, hii inasema sifuri. Siku tatu, mvua sifuri. Za jirani zote zinasema mvua mingi. Sijue niamini gani. Mama anasema weye ulikuwa unafanya kazi ya namna hii na koko ku foni." Koko ni babu yake, marehemu. Nilicheka katikati ya msiba. Miaka yote hiyo imepita, mashine zimekuja na majina yao, na bado kuna msichana amekaa mbele ya sifuri hajui imetoka kwa nani. Nikamwambia amalize kwanza kugawa chai, halafu nitamsimulia mwaka niliokaa na babu yake.

Habari za ukoo wangu sitazileta hapa, hazina kazi. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shule ya ukatibu niliyokuwa nasoma Butembo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na nilikuwa najua kupiga mashine ya kuandika na kuchora jedwali zuri. Kiburi changu chote kilikuwa katika jedwali. Papa Rajabu alikuwa msimamizi wa magari ya wasafirishaji wa Butembo na Beni, na chumba chake cha kazi, wakati huo bado anaishi Butembo, kilikuwa nyuma ya depo ya mafuta ya mawese. Kuta zilipakwa kijani hadi kiunoni, juu zilibaki na rangi ya moshi. Mezani palikuwa na foni, ile redio ya kuongea na vituo vya mbali, na chini ya meza betri ya lori. Waya wa antena ulipita dirishani ukaenda kufungwa kwenye mparachichi wa jirani, ambaye kila msimu alidai haki yake ya kututukana tukikanyaga majani yake. Chumba kilinuka mawese na samaki wa chumvi, na jioni niliporudi nyumbani nguo zangu zilinitangulia mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, vituo vya barabara ya Beni viliita kimoja kimoja na kila kimoja kilitoa namba yake. Maboya, katekista Mbusa alisema milimita za mvua, maana agronomu mmoja, bwana shamba, zamani alimwachia kipimo cha mvua na yeye hakukosa kukisoma hata Krismasi. Kabasha, kijiji cha mlimani katikati ya njia, Mama Kanyere alisema idadi ya wanawake waliopita mbele ya duka la kooperativu wakienda shambani na vikapu. Beni, Sista Leokadia wa kituo kimoja cha afya alisema nyuzi za friji yake ya chanjo. Madereva waliokuwa wamefika jana yake walisema tope lilifika wapi kwenye gurudumu. Namba tu, bila maneno, kwa sababu kila mwenye bunduki katika milima ile alikuwa na redio yake na alikuwa anasikiliza. Mvua, wanawake, joto la friji, tope. Ukitazama haraka utasema ni vitu visivyohusiana hata kidogo. Papa Rajabu alivitazama, akanywa chai, akatoka mlangoni akawaambia madereva waliokuwa wanangoja uani: "Leo munaenda," au "Leo hapana." Walimsikiliza kuliko walivyowasikiliza wakubwa wote wenye kofia waliokuwa wanabadilishana mji wetu.

Siku za kwanza nilidhani ni uganga. Alinieleza tukila, kwa sababu alipenda kufundisha wakati wa kula. Mama Mariamu, mke wake, alituma ndizi za kuchemsha na chai asubuhi, na saa sita fufu, ule ugali wa muhogo, na sombe na samaki. Katika mwezi wa kufunga alituma sahani moja tu, yangu, na Papa Rajabu alikaa mbele yangu nikila ili nisile peke yangu kama mgeni. Nilimwambia siwezi kutafuna mbele ya mtu mwenye njaa. "Kula, mama," akasema, "mimi minafunga juu ya Mungu, weye haukumukosea mutu." Basi nilikula, na yeye akaendelea: friji ya Sista inakunywa petroli, ndiyo mafuta ya taa kwetu. Petroli ya Sista inatoka kwetu Butembo na wale watu wanaosukuma baiskeli zilizojaa vidumu. Friji ikianza kuwa na joto, ujue wale watu wa baiskeli hawapiti. Wao wanapita njia za nyuma ambazo lori haliwezi kuziona, na wanajua mambo siku mbili mbele yetu. "Sista anafikiri anatupatia joto ya chanjo," akasema. "Anatupatia habari ya Kabasha." Nilisahau fufu mkononi. Mpaka leo nikipima homa ya mjukuu najiuliza kwanza nani anashika kipimo.

Lakini kuelewa jambo mezani ni kitu kimoja, kulitenda ni kingine. Miezi mitatu baadaye Papa Rajabu aliugua malaria, akaniachia chumba siku mbili, nami nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Mbusa wa Maboya alisema nane. Milimita nane si mvua ya kumtisha mtu. Jedwali langu lilikuwa safi, kituo, saa, namba, nimepiga mstari kwa rula, nikatoka mlangoni kwa sauti ya Papa Rajabu kabisa nikasema, "Leo munaenda." Dereva Kambale akawasha lori lake. Kabla ya Maboya barabara ilikuwa uji. Lori liliteleza, likalala upande kwenye mfereji na magunia ya vitunguu, na Kambale akavunjika mkono. Abiria walilala kanisani siku mbili. Walipomleta Butembo, mkono umefungwa kwa vijiti na kitenge, alipita dirishani kwetu akanitazama tu. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Papa Rajabu alipoinuka kitandani hakunikaripia. Alinituma Maboya. "Enda ukule kwa Mbusa," akasema. "Uone maji yake inatoka fasi gani." Nikaenda nimebebwa juu ya gari la viazi. Mbusa alinipokea vizuri, mke wake akanipa maharagi na viazi, na baada ya kula akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kipimo. Palikuwa na chupa, palikuwa na gilasi yenye mistari ya milimita, lakini juu ya chupa, mahali pa faneli, palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa. Nikamuuliza faneli iko wapi. Askari waliichukua, akasema, wale waliopita mwezi uliopita, walitaka kitu cha kumiminia mafuta kwenye gari lao. "Lakini mimi sikuacha kazi hata siku moja," akasema kwa fahari. "Niliweka kikopo." Kikopo hicho mdomo wake ulikuwa mdogo, sijui robo ya ile faneli, kwa hiyo kilikusanya maji robo, na Mbusa aliyamimina kwenye gilasi ile ile na kusoma mstari ule ule kwa uaminifu wote. Kwa nini hukutuambia, nikauliza. Akanishangaa. "Munaomba namba. Nilitoa namba. Na ku foni mulisema tusiongee mingi." Hakuwa amedanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyesikia nane bila kuuliza nane ya nini.

Niliporudi nilitaka kupeleka faneli mpya Maboya. Papa Rajabu akasema tutapeleka, ndiyo, lakini kwanza nifungue daftari. Alichukua kalamu, akavuta mstari kwa mkono, mstari mbaya uliopinda, katikati ya jedwali langu zuri. "Hapa utaandika mutu," akasema. "Nani anapima. Anapima na nini. Anasimama wapi. Siku ya kawaida namba yake ni ngapi. Weye uliandika namba, mutu ulimuacha inje ku mvua." Nikalia. Akaniacha nilie, akaenda kuongeza maji kwenye betri. Baada ya hapo alinituma kila kituo, kimoja baada ya kingine, nikale na watu. Beni nilikula mkate na siagi kwa Sista Leokadia, akanionyesha kuwa kipimo chake cha joto kilining'inia karibu na mlango wa friji, na kila akiufungua kinapanda. Kabasha nilikaa siku nzima na Mama Kanyere mbele ya duka, tukimenya maharagi mabichi huku akihesabu wanawake kwa kuhamisha mbegu kutoka bakuli hadi bakuli. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa jua na mvua. Nikamuuliza, wanawake wakiwa wachache, ni kitu gani kingine kinabadilika? Alifikiri. "Mbuzi," akasema. "Batu ya bunduki bakikaribia, hautaona mbuzi inje. Tunazificha mu jikoni, tunalala nazo. Harufu yake, Kavira!" Niliandika mbuzi kwenye safu mpya. Madereva walipoona neno hilo daftarini walinitania wiki mbili, wakija asubuhi wakiuliza mbuzi wameamkaje.

Basi ikafika asubuhi ya Zaina. Alikuwa ameolewa palepale Butembo, mume wake yuko safarini Bunia na hakuweza kurudi. Mimba yake ya kwanza alipasuliwa na mtoto hakuishi. Hii ilikuwa ya pili, na mkunga aliyemshika tumbo jana yake alisema mtoto amelala mkingamo, hatatoka kwa njia yake. Daktari wa kupasua alikuwa ameitwa Beni kusaidia majeruhi, na barabara ikamfungia huko. Ilikuwa siku ya nne tangu gari lishambuliwe juu ya Kabasha, na hakuna lori lililopita tangu hapo. Uchungu wa Zaina ulianza alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa tayari amelazwa nyuma ya gari la jipi kwenye godoro, uani kwetu, mama yake amemshika kichwa, na nyuma ya usukani alikaa Kambale, ambaye mkono wake ulikuwa umepona lakini umepinda kidogo. Tulisikia kila alipolia. Ukuta ulikuwa wa mbao.

Nikashika kalamu. Nilidhani Papa Rajabu atakaa kwenye kiti chake kama siku zote. Alisimama mlangoni, mkono juu ya fremu, na uso wake sikuwahi kuuona vile. "Soma weye," akasema. Nikasema Papa, hapana, leo siwezi, leo ni wewe. "Mimi ni baba," akasema. "Minataka barabara ikuwe wazi. Ukiniuliza, nitakuambia iko wazi. Nitakuambia ata kama haiko. Andika ku daftari, pembeni: Rajabu, baba ya mugonjwa. Alafu usinisikilize." Na kweli alinisimamia mpaka nikaandika. Halafu akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye gunia, akafumba macho akianza kuhesabu tasbihi yake.

Maboya akaita kwanza. Mbusa: moja, na faneli mpya. Hiyo ilikuwa njia kavu. Beni akaita: friji nyuzi tano. Juzi ilikuwa kumi na moja. Moyo ukaruka, lakini nikajizuia, nikakumbuka kipimo cha mlangoni. Nikamuuliza Sista kama friji imefunguliwa leo. Hapana, akasema, bado. Petroli ililetwa na nani? "Na mutu wa velo, jana magaribi. Anatoka kwenu." Basi jana jioni mtu mmoja wa baiskeli alipita. Halafu Kabasha. Sauti ya Mama Kanyere ilikuwa ndogo.

"Kabasha. Sifuri."

Nikamwomba arudie. Sifuri, akasema, hapana hata mumoja. Asubuhi ile gari liliposhambuliwa, siku nne nyuma, Kabasha ilikuwa imesema sifuri pia, na daftari lilikuwa wazi mbele yangu kwenye ukurasa ule. Uani Zaina akalia tena, safari hii kwa muda mrefu. Nilimwona Papa Rajabu akifumbua macho, akifungua mdomo, halafu akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akiniuliza nini ni heshima, nitamwambia nimeiona imekaa sakafuni ikijiziba mdomo.

Nilibonyeza kitufe. "Kabasha, mbuzi ziko wapi?"

"Inje. Zimefungwa ku barabara, kama kila siku. Yangu inakula kitenge ya mutu."

"Na majembe?"

"Majembe iko mu nyumba. Leo hapana kulima, Kavira." Akasita, maana hewani hatukuwa tunasema mambo. Mimi pia ni Mnande. Najua siku gani kijiji kizima hakigusi jembe na hakuna mwanamke anayechukua kikapu kwenda shambani. Ni siku ambayo maiti iko nyumbani na bado haijazikwa. Nikamwambia akae karibu na dirisha, abonyeze kitufe, asiseme kitu. Akabonyeza. Mwanzo tulisikia upepo tu, halafu zikaja sauti, wanawake wengi, karibu kijiji chote, wanaimba wimbo wa kilio na kulia katikati yake. Huwezi kuwalazimisha watu walie vile. Na watu hawakusanyiki uani kulia kama msitu wa karibu una bunduki. Nilifurahi. Nasema wazi, nilisikia watu wanamlilia mtu wao nikafurahi, na nimeomba msamaha kwa hilo mara nyingi. Wanawake wa Kabasha hawakuwa wamekimbia. Walikuwa pamoja mahali pamoja, ndiyo sababu hakuna aliyepita dukani.

Nikatoka mlangoni. Sauti ya Papa Rajabu sikuiiga safari hii. "Kambale," nikasema, "minafikiri munaenda." Akauliza, "Ni Papa anasema?" Nikasema hapana, ni mimi. Alinitazama, akautazama mkono wake uliopinda. Ningeelewa kama angekataa. Akasema, "Mbuzi ziko inje?" Nikasema ziko nje. "Bon," akasema, akawasha.

Maboya alisema gari limepita. Baada ya hapo ilibidi Kabasha iseme, na Kabasha haikusema. Niliita mara kumi. Hakuna. Mahali pa sifuri sasa hapakuwa na namba kabisa. Papa Rajabu alisali pale pale juu ya gunia tupu, akarudi kukaa. Chakula kilikuja kikapoa. Nilichungulia daftari nikatafuta kama niliacha kuuliza kitu, nikakiona kimoja, viwili, vitano, maana mtu aliyeogopa huona mapengo kila mahali. Niliwaza jinsi nitakavyomtazama Mama Mariamu. Adhana ya saa saba ilikuwa imepita kitambo Beni walipoita, na alikuwa Sista Leokadia, anahema kama aliyekimbia.

"Butembo, Butembo. Muzigo wenu ulitoka mumoja. Sasa iko mbili."

Papa Rajabu aliinuka, akakaa, akainuka. Mimi nikauliza kwa sauti isiyo yangu, mizigo yote miwili ni mizima? "Mizima. Ule mudogo ni kilo tatu na nusu. Nilimupima mimi, na balance, mizani ya viazi ya soko, maana yetu iliharibika. Basi mutoe kidogo." Papa Rajabu alicheka mpaka akakohoa. Sista alikuwa ameelewa safu yetu ya nne, ile ya mtu, kuliko sisi. "Na Kanyere wa Kabasha iko hapa," Sista akaongeza. "Aliona mugonjwa, akaacha kilio yake, akapanda gari. Alimushika mugongo njia yote. Alisema anaomba samahani, aliacha foni bila mutu." Ndiyo ilikuwa sababu ya kimya. Mama Kanyere alikuwa ameacha kumlilia marehemu wa kijiji ili mtu mwingine asilie, na hakuna safu tuliyokuwa nayo ya kuandika jambo kama hilo. Nikaliandika chini ya ukurasa, kwa mkono, bila mstari. Mama Mariamu alirudi siku tano baadaye, akaniita jikoni kwake, akanipakulia sahani kubwa ya wali na kuku mzima, akakaa akanitazama nikila. Hakusema aksanti. Katika Kinande tunasema wasingya, na yeye hakuwa Mnande, lakini nilipomaliza kula alilisema neno hilo kwa lafudhi mbaya kabisa, nami sijawahi kulisikia likisemwa vizuri zaidi.

Mtoto yule akaitwa Shukuru. Nilimsimulia haya yote yeye mwenyewe, uani kwa babu yake, chai ikipoa mikononi mwake. Nilipomaliza aliingia ndani, akarudi na daftari ambalo sikujua kama bado lipo, jalada lake limeliwa na mende pembeni. "Koko alisema siku yake ikifika, nikupatie." Nililifungua nyuma. Ukurasa wa mwisho sikuwahi kuuona. Alikuwa ameandika majina yetu sote kwa mwandiko wake ulioinama. Mbusa, kikopo cha maziwa, mwaminifu. Sista, kipimo karibu na mlango. Kanyere, anahesabu na maharagi, usimuombe mambo mengi, muulize mbuzi. Rajabu, baba ya Zaina, siku hiyo musimusikilize. Na jina langu mara mbili. La juu kwa wino wa buluu, limekatwa mstari: Kavira, anaandika mbio, anasahau batu. La chini kwa wino mweusi: Kavira. Anaogopa. Anauliza tena mbele ya kusema. Akisema, gari itoke.

Mwaka ule wote nilidhani mimi ndiye ninayeandika. Kumbe naye alikuwa ananiandika mimi, polepole, mpaka niwe mtu wa kuaminiwa. Sina deni kubwa kuliko hilo na sitaki lilipwe.

Nilifuta uso kwa kona ya kitenge. "Lete simu yako," nikamwambia Shukuru. "Ile nguzo ya sifuri. Nani anakaa karibu nayo?" Alifikiri, akasema kuna mzee mmoja mwenye shamba la kahawa, walimwomba ruhusa ya kuisimamisha, namba yake iko mahali fulani. Akaitafuta, akapiga, akaweka sauti nje ili nisikie. Simu iliita muda mrefu. Mzee akaitika kwa kupiga kelele, kama mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya mto. Shukuru akamsalimia, akamuuliza kuhusu ile mashine. "Ile mashini?" mzee akapaza sauti. "Manyigu ilijenga ndani! Siku mingi! Sikuigusa, mulisema tusiiguse!" Na nyuma ya sauti yake, kubwa, bila kukoma, tulisikia mvua ikipiga mabati.

Shukuru alinitazama. Halafu akavuta daftari la babu yake karibu, akaomba kalamu, akauliza kwenye simu, "Tata, jina lenu ni nani?"